Geuza Jani Kabla Hujaokota

Anayetaka kuujua mti wa mbula asisubiri msimu wa matunda. Aende kuutafuta mwezi Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, wakati miti mingi ya miombo kwenye nyanda za juu za Kigoma imepukutisha majani na nchi yote kati ya Kasulu na Kibondo imebaki na rangi ya vumbi na kutu. Katika hali hiyo mti wenye kichwa cha mviringo, wa kijani kilichokolea, uliosimama peke yake katikati ya shamba la mihogo au pembeni mwa kiwanja cha shule, huonekana hata na aliye mbali. Mtundu na jamaa zake wa miombo wamebaki mifupa mitupu. Mbula bado umevaa. Wataalamu wa mimea huuita Parinari curatellifolia, na wako wanaotamka mbura badala ya mbula. Lakini kijani cha Agosti ni dokezo tu, hakijawa ushahidi. Katika miji yetu uko mti mwingine wa kijani cha mwaka mzima, wenye kichwa cha mviringo na kivuli kizito, nao ni mwembe. Kwa mbali, asubuhi yenye ukungu wa moshi wa mioto ya porini, hata mwenyeji anaweza kuuita mmoja kwa jina la mwingine. Kwa hiyo usogelee.

Kasulu na Kibondo hazina bustani kubwa za mji zenye uzio, njia za changarawe na vibao vya majina ya miti. Pori na mji vimeingiliana. Mti wa asili unaukuta kwenye eneo la kanisa, karibu na zahanati, kwenye makaburi, kwenye mashamba ya pembezoni ambako mlimaji alifyeka vyote akauacha huo mmoja. Hilo ni faraja kwa mwokotaji, na ni hatari vilevile, maana hakuna aliyekutangulia kuweka kibao. Kibao utakiweka mwenyewe kichwani, na hoja ya mwongozo huu ni kwamba kibao hicho kisiandikwe jina. Kiandikwe mwili wa mti: jani, ganda, kokwa. Na ukishauthibitisha mwili huo, tunda liokote chini, usilichume juu.

Kwa nini jina lisitoshe? Hapa ni nchi ya Kiha, lakini masikio ya sokoni husikia lugha nyingi. Kinyamwezi kimetoka mashariki, Kirundi kiko ng'ambo ya mpaka, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imewakusanya Wakongo tangu mwaka 1996, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mrundi huuita mbula umunazi. Mtumishi aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tanga akiambiwa matunda yameanguka chini ya umunazi, atatafuta nazi. Herufi mbili tatu tu zinautenga mbula na mvule, mti wa mbao ambao hauna undugu nao wowote. Ukivuka kwenda kusini, Wabemba wa Zambia huuita mpundu, na ni chini ya mpundu, huko Chitambo, moyo wa David Livingstone ulikozikwa mwaka 1873. Mwaka 1899 mti huo ulikatwa, na kipande cha shina chenye maandishi yaliyochongwa kikapelekwa London. Huwa inashangaza kidogo kwamba mkoani Kigoma tunakumbuka mwembe wa Ujiji, ule unaosimuliwa kuwa Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871, ilhali mwembe ni mgeni aliyeletwa kutoka Asia, na mti uliouhifadhi moyo wa mzee yule umejaa mashambani mwetu bila kumbukumbu yoyote.

Atajibu mtu kwamba wazee wanaujua, wewe uliza tu. Ni kweli wanaujua, na mwongozo wowote ulioandikwa, huu ukiwemo, ni msaidizi wa mzee na hauwezi kukaa kwenye kiti chake. Ila swali lenyewe liulizwe vizuri. Usimwombe mzee jina la mti, wala usimwonyeshe picha kwenye simu ukitaka aseme ndiyo au hapana. Mwombe akufikishe chini ya mti, akakupe jani mkononi, akakuonyeshe kokwa la mwaka jana. Jina utakaloondoka nalo laweza kuwa la Kiha, la Kirundi au la Kiswahili, na yote matatu yatakuwa sahihi. Jani ni lilelile.

Jani hilo lichume na uligeuze. Juu ni la kijani kizito, gumu kama ngozi. Chini ni la rangi ya majivu, pengine lina umanjano kidogo, na limefunikwa na vinyweleo vifupi vilivyoshikana, ukipitisha kidole unahisi kitambaa kuliko jani. Upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi kwa sababu hiyo. Majani hukaa moja moja kwa kupokezana kwenye kijiti, hayakabiliani mawili mawili, na kutoka kwenye mshipa wa kati hutoka mishipa midogo mingi iliyolala sambamba kama mistari ya daftari. Vijiti vichanga navyo vina vinyweleo vya manjano. Ukikata jani, maziwa hayatoki; mti unaotoa maziwa meupe, uwe mzuri au mbaya, si mbula, na mingine katika jamii ya mitupa huunguza macho, basi usiguse uso kabla ya kunawa. Ganda la shina ni la kijivu cheusi, nene, la kukwaruza, lenye nyufa zilizokatizana, na unene huo ndio unaousaidia kupita salama kwenye mioto ya kila mwaka. Sasa rudi kwenye mwembe uliokuchanganya kwa mbali: jani lake ni refu na jembamba zaidi, kijani pande zote mbili, na ukilisugua linanuka embe bichi. Jani moja lililogeuzwa linamaliza ubishi huo.

Hata hivyo usiridhike na tumbo la majivu la jani peke yake. Vichaka kadhaa vya porini vina majani meupe kwa chini, na majani makuukuu ya mbula wenyewe huweza kuwa yamepoteza vinyweleo. Chukua majani matano kutoka matawi mbalimbali, kisha inama utazame ardhini. Hapo ndipo penye ushahidi ambao watu hawautumii. Kokwa la mbula ni gumu mno, halimalizwi na msimu mmoja wa mvua, na chini ya mti uliokwisha kuzaa utayakuta ya mwaka jana, yamekauka, yana nyuzinyuzi na makunyanzi kwa nje. Lipasue kwa jiwe: ndani mna vyumba viwili, kila kimoja kimetandikwa manyoya laini kama pamba chafu, na humo hukaa mbegu. Jani lenye tumbo la majivu, ganda lenye nyufa, kokwa lenye vyumba viwili vya manyoya. Vikikutana hivyo vitatu chini ya kichwa kimoja cha kijani, umeupata. Kikikosekana kimoja, ondoka, rudi siku nyingine na anayeujua.

Tunda lenyewe huja kiangazi kinapoelekea kuisha na mvua zinapoanza, na kwa Kigoma, yenye msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Mei, huo ni wakati ambao mahindi ndiyo kwanza yanaingia ardhini na ghala linaanza kuonyesha sakafu. Ni tunda la mviringo mrefu, ukubwa wake ni sentimita tano hivi, lenye ngozi ya kahawia yenye vidoa vya kijivu vinavyokwaruza kama magamba. Kwa sura halitamanishi. Likiwa juu ya mti ni gumu, na ukilichuma hapo utapata kitu kikavu kinachokaza kinywa, kisha utasema mbula hauliki. Mti wenyewe huangusha tunda kabla halijaiva sawasawa, na uivaji wake humalizikia chini, kwenye majani makavu, ambako nyama yake hugeuka ya manjano, laini, yenye unga unga, tamu, yenye harufu nzito inayokujia kabla hujafika. Harufu hiyo ndiyo saa yako. Isipokuwepo, hujachelewa wala hujakosea mti, umewahi. Anayepiga matawi kwa fimbo au kurusha mawe hapati chakula mapema, anapata matunda mabichi yaliyopasuka ambayo hayataiva tena vizuri, na matawi yaliyovunjika ambayo yangezaa mwaka unaofuata.

Kuna wanaoamini kwamba hawahitaji haya yote: angalia anachokula nyani, kula hicho. Ni kweli kwamba mbula huliwa na wanyama, na sokwe wa Gombe, mkoa huuhuu wa Kigoma, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, ni miongoni mwa walaji wake. Lakini mnyama ni shahidi mbovu. Utumbo wake haufanani na wako, humwoni anachotema, na hujui amekula kiasi gani. Chukua mtonga, jirani wa mbula kwenye pori hilohilo, wenye tunda la gamba gumu kama kibuyu kidogo. Nyama yake iliyoiva huliwa na watu na wanyama; mbegu zake ni za kutema bila kutafuna, na tunda lake bichi si la kuliwa kabisa. Nyani hatakufundisha tofauti hiyo. Mkusu nao, ambao matunda yake ya kahawia hupendwa na wengi kuliko ya mbula, una jambo ambalo kumtazama mnyama hakulifumbui: miti yake ni ya kiume na ya kike mbalimbali, na unaweza kukaa miaka chini ya dume ukisubiri tunda lisilokuja.

Pingamizi zito zaidi ni la usafi, na sitalipuuza kwa kusema babu zetu waliokota wakaishi. Babu zetu hawakuokota kando ya barabara ya malori. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa mkoani Kigoma, watu wengi mno walipobanana pasipo vyoo na maji ya kutosha. Ardhi iliyochafuliwa hufika kinywani kwa njia fupi. Kwa hiyo si kila mbula ni wa kuokotewa. Uache ulio jirani na choo cha shimo, dampo au mfereji wa maji machafu wa sokoni. Uache uliozungukwa na shamba la tumbaku, kwa sababu tumbaku hunyunyiziwa dawa na tunda lililolala chini hupokea kilichotua. Uache ule wa ukingoni kabisa mwa barabara kuu iendayo Nyakanazi, unaokula vumbi na moshi mchana kutwa. Ulio salama ni ule wenye majani makavu mengi chini, mbali na mapito. Fika asubuhi, uokote yaliyoanguka usiku, yenye ngozi nzima. Lenye tundu lina mdudu, lililopasuka limeshaanza kuchacha. Osha kwa maji safi, menya, kula nyama. Ngozi ndiyo iliyogusa ardhi, na ngozi hiyo unaiacha. Ukizingatia hayo, tunda la kuokota linakuwa safi kuliko embe lililokatwa vipande na kuachwa wazi sokoni likitembelewa na inzi.

Kabla ya kuinama, pitisha fimbo kwenye majani, kwa kuwa moma hulala palepale penye kivuli na panya wanaofuata matunda, naye hakimbii mtu anapokaribia. Tazama na juu pia. Hii ni nchi ya wafuga nyuki, na mzinga uliotundikwa kwenye tawi unaeleza mambo mawili kwa pamoja: kwamba usikae hapo muda mrefu, na kwamba mti huo una mwenyewe. Ikiwa hujawahi kula mbula, kula moja, halafu ngoja hadi kesho yake. Tumbo la mtu mmoja si la mwingine, na mtoto mdogo apewe baada ya mkubwa.

Jikoni, mbula una kazi mbili zisizofanana. Nyama hupondwa na maji, ikachujwa kuondoa nyuzi, ikawa juisi nzito au ikachanganywa kwenye uji, ambapo inapunguza sukari ya kununua. Ikiachwa siku kadhaa inageuka pombe, na hilo linajulikana bila mwongozo. Kazi ya pili ni ya mbegu, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa na ndiyo inayotupwa. Mbegu ile iliyofichwa kwenye manyoya ina mafuta mengi, huliwa mbichi au kukaangwa, na ikitwangwa hukaa kwenye mboga mahali pa karanga. Kuitoa ni kazi: jiwe juu ya jiwe, kokwa limesimamishwa kwa ncha, vidole vikiwa mbali. Lakini chochote chenye mafuta kinachokaa kwenye unyevu huota kuvu, na mwaka 2016 tuliona Dodoma na Manyara jinsi sumukuvu kwenye mahindi inavyoua watu. Kokwa la kupasua liwe la msimu huu na liwe limekaushwa juani. Mbegu yenye doa la kijani au jeusi, au yenye uchungu, itupe, wala usiikaange kwa matumaini kwamba moto utaitakasa. Sumukuvu haimalizwi na kikaango.

Je, unaruhusiwa? Swali hili lina majibu kulingana na mahali unapokanyaga. Kwenye shamba na kiwanja, mwenyewe ndiye wa kuombwa, na kwa kawaida hanyimi, ila kuombwa ni tofauti na kuibiwa. Kwenye msitu wa kijiji, nenda kwa serikali ya kijiji. Kwenye hifadhi ya misitu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchukuaji wa mazao ya misitu, na zao la msitu si gogo na mkaa tu. Hivyo uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, au ya halmashauri kama msitu ni wake, kabla ya kuingia na ndoo. Pori la Akiba la Moyowosi, mashariki mwa Kibondo, usiliingie kabisa bila kibali, hata kwa tunda moja. Hata miji yenye bustani kubwa haikulimaliza suala hili kirahisi. Mwaka 1986, jijini New York, Steve Brill alikamatwa katika Central Park kwa kuchuma na kula mimea iliyojiotea. Muda mfupi baadaye idara ya bustani za jiji hilo ikamwajiri aongoze watu kwenye matembezi ya kuitambua mimea hiyo. Walichogundua ni kwamba mtu anayejua anachookota ni bora kuwa naye upande wako.

Lipo pingamizi ambalo lingeweza kuuangusha mwongozo wote: watu wote wakianza kuokota, mti utaisha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mbula ungetegemea mbegu tu. Mbegu yake huota kwa shida na kwa kuchelewa, kwa sababu ya ukuta ule wa kokwa, na machipukizi mengi unayoyaona kuzunguka mti mzee yametoka kwenye mizizi. Anayekula nyama na kulitema kokwa porini hajapunguza chochote. Anayepasua makokwa yote anapunguza, na huyo aache sehemu ya aliyookota palepale chini. Kinachouua mbula ni kingine. Mbao zake zina chembe za mchanga wa silika ndani, huua makali ya msumeno, na kwa hiyo wapasua mbao waliukimbia wakaumaliza mninga. Mchoma mkaa na mtafuta kuni hawana msumeno wa kuhurumia. Kuzunguka miji na kambi, mahali penye maelfu ya mafiga yanayohitaji kuni kila jioni, ugumu uliokuwa ngao ya mti umegeuka sifa ya kuni nzuri. Mti usiojulikana una faida gani ndio huingia tanuruni kwanza, na ndiyo sababu kuutambua na kuula ni njia ya kuutetea.

Bado atasalia anayesema hiki ni chakula cha njaa, cha watoto na wachunga mbuzi, na aliye na duka mtaani kwake hana haja nacho. Mimea ya aina hii imeorodheshwa kwa makini, ukiwemo mbula, katika kitabu cha mimea pori inayoliwa Tanzania kilichotolewa mwaka 2002 na Ruffo, Birnie na Tengnäs, na hakikuandikwa kwa ajili ya wenye njaa peke yao. Anayetaka embe apande mwembe. Miche ipo, na baada ya miaka michache atakula. Mbula ni habari nyingine. Hukua polepole, kitalu chake ni kigumu, na ule unaouona leo ukiwa na kivuli cha kutosha mkutano wa kijiji ulianza kabla wewe hujazaliwa. Kwa hiyo kama umenunua kiwanja Kasulu au Kibondo na umekuta mti wa kijani kwenye kona, geuza jani kabla hujamwita mwenye shoka. Tumbo lake likiwa la majivu, mwambie fundi asogeze ukuta.